Bango Lililowapoteza Wageni: Nilivyojifunza Usanifu wa Michoro

Wengi wenu mliokuwa hapa shuleni mwaka wa 2024 mnalikumbuka lile bango. Lilibandikwa kwenye ubao wa matangazo na mlangoni mwa bwalo, na nakala zake zikapelekwa katika shule nne za jirani. Lilikuwa na mwenge, kitabu kilichofunuliwa, ramani ya Afrika, ngoma mbili na minazi mitatu. Katikati, kwa herufi kubwa zenye kivuli cha dhahabu, paliandikwa: 7 JULAI, SIKU YA KISWAHILI DUNIANI. Chini kabisa, kwa herufi ndogo za manjano juu ya karatasi nyeupe, paliandikwa kwamba sherehe yetu ingefanyika Jumamosi tarehe 6, kuanzia saa tatu asubuhi.

Aliyelitengeneza ni mimi. Sifa nilizipokea mimi pia, tena kwa kichwa kikubwa, mpaka siku ya Jumapili ilipofika.

Kwa wasiojua, tarehe 7 Julai ilitangazwa na UNESCO mnamo Novemba 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 2022. Mwaka wa 2024 siku hiyo iliangukia Jumapili. Chama chetu kikaona afadhali tusherehekee Jumamosi. Basi Jumamosi tukangoja wageni. Shule tatu zikafika, ya nne tusiione. Tukanong'onezana kwamba wale wenzetu wanajiona, ati sisi si wa hadhi yao.

Jumapili saa tatu asubuhi, basi lao likaingia langoni. Wakashuka wanafunzi waliovalia kanzu na leso, tayari kwa ngonjera waliyoifanyia mazoezi muhula mzima. Mwalimu wao alikuwa na bango langu mkononi. Bwalo lilikuwa limeshafagiliwa, viti vimesharudishwa madarasani. Mlezi wa chama aliomba radhi hata akakosa maneno. Wageni wakapewa chai, wakaighani ngonjera yao mbele yetu watu kama kumi hivi, wakapanda basi wakaenda zao. Mimi wakati wote huo nilikuwa nyuma ya tangi la maji. Nilisikia sauti zao tu.

Jioni mlezi aliniita. Hakunigombeza. Alinitazama, akasema, "Bango lako linapendeza mwanangu, ila halisemi." Nikaondoka, na neno hilo likanikaa moyoni.

Tangu hapo nimekuwa nikijifunza kazi inayoitwa usanifu wa michoro. Mhariri ameniomba nieleze nilichopata, nami nitaeleza kadiri ya uwezo wangu, kwa sababu naona mabango ya vyama vingine humu shuleni (sitavitaja) yanaelekea kulekule lilikokwenda langu.

KUCHORA NI MBALI, KUSANIFU NI MBALI

Kuchora nilijua tangu shule ya msingi. Nilidhani basi kusanifu najua. Lakini usanifu wa michoro ni kupanga maandishi, picha, rangi na nafasi tupu ili mtu fulani aone jambo fulani, alielewe, na aghalabu atende kitu: aje mahali, anunue, apige kura, ameze dawa mara tatu kwa siku. Mchoro mzuri unaweza kusimama peke yake ukutani. Bango halisimami peke yake hata siku moja. Lina mtu wa kulisoma, naye mtu huyo ana haraka, ana njaa, au macho yake hayaoni vizuri.

Likizo ya Agosti nilikwenda kwa mjomba wangu Mombasa. Ana karakana ndogo ya mabango na uchapaji. Yeye aliianza kazi hii kwa brashi na rangi ya mafuta, akiandika majina ya maduka ukutani, kabla hajagusa kompyuta. Nilimpelekea bango langu nikitumaini atanionyesha programu nzuri zaidi. Alilichukua, akavuka barabara, akalibandika kwenye ukuta wa pili, akarudi akasimama karibu nami.

"Fumba macho nusu. Waona nini?"

"Saba Julai."

"Kingine?"

"Sioni kingine, Mjomba."

"Na wageni wako wameona nini?"

Nilinyamaza. Hata hivyo nawaambieni, hilo la kufumba macho nusu ndilo somo la kwanza na mpaka leo ndilo ninalolitumia zaidi kuliko yote. Ukifumba macho nusu, maneno yanapotea, mapambo yanapotea, yanabaki mabonge ya weusi na weupe. Jicho la msomaji huanzia hapo. Huenda kwanza kwenye kitu kikubwa kuliko vingine, au cheusi kuliko vingine, au kilichotengwa peke yake mahali peupe. Kitu hicho kikiwa si habari uliyotaka aipate, umeshamtuma njia isiyo yake kabla hajasoma neno. Mimi niliwatuma wageni Jumapili. Tarehe 7 haikuwa uongo. Ilikuwa kweli isiyohusika, imewekwa mahali pa kweli inayohusika.

Mjomba alinipa karatasi na mkasi. Kompyuta aliifunika kitambaa. Akaniambia niandike kila habari ya bango kwenye kipande chake: siku, saa, mahali, shughuli, mwenyeji, mgeni wa heshima, na kadhalika. Kisha akauliza: msomaji akiweza kubeba kipande kimoja tu, abebe kipi? Nikachagua. Na akiweza viwili? Vitatu? Nikaendelea mpaka vipande vyote vikapangana mezani kama watu kwenye foleni. Nilitia vipande kwanza vya siku na shughuli, halafu mahali na saa. Siku ya UNESCO ilijikuta kwenye nafasi ya sita. Minazi haikupata kipande, maana haikuwa habari.

Baada ya hapo tukagawa foleni ile kwa hatua. Atakachosoma mtu akiwa hatua kumi kutoka ukutani: kuna nini na lini. Atakachosoma akiwa hatua tatu: wapi, saa ngapi, nani mwenyeji. Atakachosoma pua ikiwa karibu na karatasi: mengine yote. Mafundi wa mabango wana kadirio lao, kwamba herufi iwe na urefu wa kama sentimita 2.5 kwa kila mita 3 za umbali ili isomeke bila taabu. Herufi za tarehe yangu zilikuwa na milimita 4. Hesabu hiyo fanyeni wenyewe.

DARASA LA LESO

Siku ya tatu Mjomba alinichukua mpaka Biashara Street, pale kwenye maduka ya leso, ambayo wenzetu wengine huita kanga. Nilidhani anamnunulia shangazi zawadi. Kumbe nilikuwa nimepelekwa darasani.

Leso, jamani, ni usanifu wa michoro uliovaliwa na mama zetu miaka yote hii nasi hatuuoni. Ina sehemu tatu, na kila sehemu ina jina. Kuna pindo, ule mzunguko wa pembeni. Kuna mji, uwanja wa katikati. Na kuna jina, yale maneno yanayokaa katika mji, karibu na pindo la chini. Kipande kimoja kina upana wa kama mita 1.5 na kimo cha kama mita 1.1, na viwili huuzwa pamoja kuwa doti. Zamani maneno hayo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye yakaja kwa herufi hizi tunazotumia sasa. Mfanyabiashara anayetajwa sana katika habari hiyo ni Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ambaye leso zake zilitambulikana kwa jina la Abdulla.

Mjomba akaniuliza: kwa nini maneno yamekaa pale? Nikasema sijui, ni desturi. Akacheka. "Mwanamke akijifunga leso, jina linamkalia nyuma. Asomaye ni nani?" Asomaye ni anayemfuata! Aliyevaa halioni. Anayeambiwa ndiye anayeliona, naye anatembea hatua mbili tatu nyuma, kwa hiyo maneno ni machache, ni mstari mmoja, herufi kubwa nyeupe juu ya nyeusi au nyeusi juu ya nyeupe. Msanifu wa leso alijua msomaji wake atasimama wapi kabla hajachora ua hata moja.

Mengine nayo yamo humohumo. Pindo hurudia umbo moja, labda korosho, labda kidoti, mara nyingi mno, na kurudia huko ndiko kunakoifanya leso nzima ionekane kitu kimoja. Kwenye bango langu kila kichwa kilikuwa na mwandiko wake na kila picha mtindo wake, kama watu waliokutana kituo cha matatu. Pindo pia hufanya kazi ya pambizo: huuzuia mji usimwagike. Na katika leso nyingi jina huachiwa ukanda wake, hapana ua linaloligusa. Ukanda ule mtupu si hasara ya kitambaa. Ndio unaolifanya jina lisomeke.

Hapa nikiri kosa langu jingine, nalo ni la wengi. Nilikuwa naogopa nafasi tupu. Nikiona pembe iko wazi naweka nyota. Mtu atasema, mbona matatu zetu zimejaa michoro kutoka taa mpaka taa na zinapendeza? Zinapendeza kweli. Lakini mchoro wa matatu kazi yake ni kukufanya ugeuke, si kukuambia inakwenda wapi. Ukitaka kujua inakwenda wapi unamsikiliza makanga, au unatafuta ule mstari wa manjano uliolazimishwa na kanuni zilizoanza kutekelezwa mwaka wa 2004. Bango la chama halina makanga.

Mambo mawili madogo nitayapita haraka. Vitu vinavyohusiana viweke karibu, visivyohusiana vitenge: saa ikae na siku, jina la mgeni wa heshima likae na cheo chake, nambari ya simu isikae chini ya picha ya mwalimu mkuu mpaka watu wakadhani ni yake. Tena vitu vianzie kwenye mstari mmoja ulionyooka, hata kama mstari wenyewe hauchorwi. Wanafunzi tunapenda kuweka kila kitu katikati. Katikati si vibaya kwa kadi ya arusi yenye maneno ishirini. Kwa ratiba yenye mistari thelathini, jicho linatafuta mwanzo wa kila mstari kama mtu anayetafuta ndala gizani.

HERUFI, NA TABIA ZA KISWAHILI

Sehemu hii naipenda kuliko zote, na nadhani wanachama wa chama hiki wataipenda vilevile, kwa maana hapa lugha yenyewe inaingia kazini.

Herufi za chapa zina koo nyingi, lakini kwa kuanzia jueni mbili. Ziko zenye vikono, yaani vijimikia kwenye ncha, kama zilivyo katika vitabu vingi vya hadithi. Na ziko zisizo vikono, kama zile zilizosanifiwa na Edward Johnston kwa ajili ya reli za chini ya ardhi za London mwaka wa 1916, au Helvetica iliyotoka Uswisi mwaka wa 1957. Vikono vimezoeleka katika maandishi marefu. Zisizo vikono hufaa sana alama za mbali. Chagua ukoo mmoja au miwili, basi. Upate tofauti kwa ukubwa na unene wa herufi, si kwa kuleta mgeni wa tatu, wa nne na wa tano. Bango langu lilikuwa na koo saba. Mjomba alizihesabu kwa sauti, fundi mwenzake akisikiliza.

Sasa Kiswahili. Maneno yetu ni marefu kwa sababu kitenzi hubeba mzigo wote: nafsi, wakati, mtendwa na viambishi vyote vinavyofuata. Zile fremu zilizotengenezwa tayari, tunazozipata kwenye programu za simu, zilipimwa kwa maneno mafupi ya Kiingereza. Ukitia "Mnakaribishwa" ndani yake, ama herufi zinapungua mpaka zinakuwa mchwa, ama neno linakatika. Msikubali kulipunguza neno ili fremu ifurahi. Panueni fremu.

Tatizo linakuwa kubwa zaidi kwenye safu nyembamba, kama hizi za jarida. Ukiiambia kompyuta inyooshe kingo zote mbili, nayo haipati neno fupi la kujazia, inatawanya maneno na kuacha mashimo meupe yanayoshuka ukurasani kama mto. Dawa moja ni kuacha ukingo wa kulia uwe huru. Dawa nyingine ni kukata maneno mwishoni mwa mstari, na hapo ndipo Kiswahili kinapoumizwa. Kompyuta iliyofundishwa Kiingereza hukata ovyo. Silabi zetu huishia kwa irabu, hata mtoto wa chekechea anajua: ka-ri-bi-sha. Kwa hiyo kata baada ya irabu. Nyumba ni nyu-mba, si nyum-ba. Kitanda ni kita-nda, si kitan-da. Usitenganishe ch, sh, ny, wala ng'. Wala usiiache ile m ya mtu au mtihani peke yake mwishoni mwa mstari ikimngoja mwenzake, ingawa ni silabi kamili. Nilipokuwa nikipanga kurasa za jarida hili nilikagua kila neno lililokatwa, moja moja, nusu ya usiku. Mkiona nimepitiwa na moja, niambieni.

Ng' nayo ina kisirani chake. Fonti nyingine za mapambo hazina kile kikoma cha juu, au zinakiweka mbali mno mpaka ng'ombe anakuwa maneno mawili. Kabla hujaipenda fonti, iandikie kwanza ng'ambo, ng'oa na nong'ona uone. Ikishindwa hapo, iache, hata ikiwa nzuri namna gani. Na herufi kubwa tupu zitumieni kwa uchache. Neno kama WANAOKARIBISHWA lililoandikwa hivyo ni ukuta.

RANGI, WINO NA KARATASI

Manjano juu ya nyeupe. Nikilala naliona. Kwenye skrini ya simu ilikuwa inang'aa kama jua, kwa kuwa skrini ni taa: inachanganya mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu. Karatasi haina taa. Mtambo wa chapa huchanganya wino wa aina nne, yaani saiani ambayo ni samawati, majenta ambayo ni waridi iliyokolea, manjano, na nyeusi. Rangi nyingine zilizo kwenye mwanga hazifikiwi na wino kabisa, kwa hiyo kile kijani kikali cha skrini kitatoka kimefifia, hata ukimlilia mpiga chapa.

Lakini kwa shule kama yetu kuna jambo la karibu zaidi. Mabango yetu mengi huishia kwenye mashine ya kunakili, yenye wino mweusi tu. Basi lijaribu bango lako kwa nyeusi na nyeupe kwanza. Likisomeka hivyo, rangi zitakuwa nyongeza. Lisiposomeka, rangi haziliokoi. Jaribio hilohilo huwasaidia pia watu wasiotofautisha vizuri nyekundu na kijani, ambao wengi wao ni wanaume, na ambao pengine wamo darasani mwetu na hawajatuambia. Maandishi mekundu juu ya kijani kwao ni ukungu tu. Bendera yetu yenyewe imetia ukanda mweupe kati ya nyekundu na kijani, na kati ya nyekundu na nyeusi. Ile mistari myeupe iliwekwa kwa maana yake ya amani, lakini mtazame inavyozitenganisha rangi.

Kuhusu karatasi, nilipata kujua kwa nini A3 ikikunjwa mara moja inakuwa A4 kamili, na A4 ikikunjwa inakuwa A5. Mpango huu ulianzishwa Ujerumani mwaka wa 1922. Urefu ukigawanywa kwa upana unapata kama 1.414 kila mara, yaani kipeo cha pili cha 2, ndiyo maana mashine ya kunakili huandika 141 kwa mia unapokuza A4 kuwa A3. (Mwalimu wa hesabu alifurahi sana nilipomwambia haya. Alama zangu hazikubadilika.) Jarida lililokunjwa katikati na kutiwa pini lazima liwe na kurasa zinazogawanyika kwa 4. Kwa hiyo mhariri anapowaambia kwamba shairi lako limekosa nafasi, pengine si chuki. Ni kwamba kurasa ni 40, na ya 41 italeta tatu tupu.

Picha nazo. Mpiga chapa hutaka nukta 300 kwa kila inchi. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa. Ikikufikia na upana wa pikseli 800, chapa safi utakayopata haifiki sentimita 7. Kuijaza ukurasa mzima wa A4 unahitaji pikseli 2480 kwa 3508. Mwambie aliyepiga picha akutumie kama faili kamili. Na kama rangi inafika ukingoni mwa karatasi, ipitishe milimita 3 nje ya ukingo, kwa sababu kisu cha kukatia hakilengi kwa unywele.

MTEJA

Wiki ya mwisho Mjomba aliniruhusu kuhudumia mteja. Alikuja mwanamume mmoja aliyetaka kuchapishiwa kijitabu cha mazishi ya mamake, cha wasifu na ratiba. Nilijitahidi kweli. Nikaweka shada la waridi kila ukurasa, na jina la marehemu nikaliandika kwa herufi za mwandiko wa mkono zinazojipinda kama mizabibu. Nilikuwa nimeshayasahau ya bango, maana kichwa changu ni kigumu.

Yule bwana alitazama kwa muda mrefu. Akasema kwa upole, "Ni kizuri. Lakini mama alikuwa na dada zake wawili. Wana miaka themanini na zaidi. Watasomaje hapa?"

Nikatoa waridi. Nikapanga upya kwa herufi nyoofu za saizi ya 14, mistari mipana, picha moja ya marehemu akiwa amekaa kwenye kiti chake uani. Nilipomwonyesha tena, Mjomba hakumkubalia aseme "ni sawa" tu. Hiyo ni sheria ya karakana: mteja asome prufu kwa sauti, kidole kikiwa juu ya kila jina na kila tarehe, kisha atie sahihi. Alisoma. Alipofika kwenye mwaka wa kuzaliwa kidole kikasimama. Nilikuwa nimepiga 1949, na mama yake alizaliwa 1946. Kama si kidole kile, kosa lingeenda kaburini nakala mia mbili.

Mambo mengine ya kazi nilijifunza kwa kusikiliza. Kabla ya kugusa chochote, Mjomba huandika kwenye daftari: mteja anataka nini, kisomwe na nani, nakala ngapi, siku gani. Huchukua arbuni ya nusu. Marekebisho mawili ni ya bure, la tatu linalipiwa, na hilo husemwa mapema, si wakati watu wameshakasirikiana. Bei haitoi kichwani; huhesabu saa, karatasi, wino na umeme. Nilimuuliza kuhusu marafiki wanaotaka kazi ya bure. Alisema rafiki hupunguziwa bei, lakini bei kamili huandikwa kwenye risiti ili ajue amepunguziwa nini.

Jambo la picha za kuokota mtandaoni lilinitia aibu, kwa kuwa mwenge wangu ulikuwa wa kuokota. Tuna Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001, na iko Bodi ya Hakimiliki ya Kenya inayosimamia mambo hayo. Picha kuonekana bila malipo si sawa na kuruhusiwa kutumika bila malipo. Piga yako, chora yako, au tafuta zile ambazo mwenyewe ameandika wazi kwamba anaruhusu.

Kwa wenye hamu, zana si lazima zinunuliwe. Inkscape ni ya kuchora mabango na nembo, GIMP ni ya picha, Scribus ni ya kupanga kurasa, na zote ni za bure. Lipo somo la Sanaa na Usanifu katika mtihani wa kidato cha nne, ingawa si kila shule inalo. Chuo Kikuu cha Nairobi hufundisha usanifu, na Chuo Kikuu cha Kenyatta hufundisha sanaa na usanifu. Lakini mkasi na karatasi mnavyo leo.

Sherehe ya mwaka wa 2025 tuliifanya Jumamosi tarehe 5 Julai, na bango likaniangukia tena. Sikujua kama ni msamaha au ni adhabu. Nililipanga kwa vipande mezani, nikalinakili kwa nyeusi tupu, nikalibandika kwenye ukuta wa maabara na kusimama kwenye uwanja wa voliboli nikifumba macho nusu, watu wakinicheka. Kisha nikafanya jambo moja ambalo sikuambiwa na mtu. Prufu niliipeleka kwanza kwa ile shule iliyokuja Jumapili. Mwenyekiti wa chama chao, msichana aliyeongoza ile ngonjera, aliisoma kidole kikiwa juu ya karatasi, kama yule bwana wa karakana. Akainua macho.

"Siku naiona, saa naiona. Hamjaandika ni shule gani."

Kweli, sikuwa nimeandika. Nani asiyejua shule yetu! Nikaliongeza jina papo hapo kwa kalamu, na usiku nikalipanga sawasawa.

Tarehe 5 walifika saa mbili kasorobo. Viti vilikuwa bado havijapangwa, wakatusaidia kuvipanga.